Mafuta Yanayorudi Kwao

Fundi redio alisimamisha pikipiki kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa kando ya mzunguko wa barabara, akamteremsha mama yake, kisha akaomba petroli kidogo kwenye kikombe. Tangu wavuke mpaka, alikuwa hajazi tenki bila kupima. Kituo kimoja walimwekea petroli yenye maji, kingine ilinuka mafuta ya taa, na plagi alishaisugua mpaka vidole vikawa vyeusi. Alidondosha tone kwenye karatasi, akalipuliza. Likakauka bila kuacha alama.

"Hii safi," alisema.

"Basi jaza twende," mama alisema huku akijikanda kiuno. "Msiba hausubiri mtu."

Kaka yake mama, wa mwisho katika ndugu zake waliokuwa hai, alikuwa amefariki katika mji wa mbele. Mazishi yalikuwa alasiri.

Pikipiki iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Kwenye mzunguko Fundi alikata kulia. Pikipiki ikaenda kushoto. Alidhani amekosea, akazunguka, akakata tena kulia. Ikaenda kushoto. Akang'ang'ana na usukani mpaka jasho likamwingia machoni, wakawa wanauzunguka mzunguko ule kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Njia unaijua au huijui?" mama aliuliza.

"Mimi naijua, mama. Pikipiki ndiyo haiijui."

Mwishowe mikono ilimwisha nguvu, akaiachia. Pikipiki ikapita mtaa wa maseremala, ikapunguza mwendo penye tuta, ikaingia lango la zahanati, ikasimama ubavuni mwa gari la wagonjwa na kujizima. Pale uani palikuwa na teksi moja na gari dogo la mizigo. Madereva wao walikuwa kivulini, wanacheza bao.

Mlinzi alikuja na mpira wa kunyonyea mafuta na dumu.

"Poleni na safari. Mmejaza pale mzunguko?"

"Ndiyo," Fundi alisema. "Ina kasoro gani petroli ile? Niliipima."

"Haina kasoro. Ni nzuri sana. Ila ni ya hapa."

Nesi alitoka, mikono bado imelowa, akamwamkia mama. Akaeleza huku akitazama dumu, kama mtu anayeeleza saa za kuona wagonjwa. Mafuta ya gari la wagonjwa huletwa asubuhi. Bwana ugavi wa zahanati huyauza pale kituoni kabla jua halijawa kali. Mchana yanarudi yenyewe, kwenye tenki la yeyote aliyeyanunua.

"Si mumshitaki?" mama aliuliza.

"Tulimshitaki, mama. Afisa aliyekuja kuchunguza alijaza pale pale. Gari lake likamleta hapa, tukanyonya, akaondoka kwa miguu. Hajarudi."

"Sasa shida iko wapi, kama yanarudi?"

"Yanarudi yamepungua. Yale mnayochoma njiani hayarudi."

Fundi alikumbuka mzunguko, akainamisha kichwa. Ndani ya zahanati mwanamke aliguna kwa uchungu, akanyamaza, akaguna tena. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na hospitali kubwa ilikuwa mbali. Mama alisikiliza, akavua kofia yake ya pikipiki.

"Nyonya yote," alimwambia mlinzi. "Usibakize."

Gari la wagonjwa likaondoka. Fundi alisukuma pikipiki hadi kwa mwanamke aliyeuza petroli kwenye chupa kando ya barabara. Alinusa chupa ya kwanza, akakohoa.

"Imechanganywa hii."

"Imechanganywa, kaka," mwanamke alikubali. "Lakini haina kwao. Itakwenda utakakoielekeza."

Na kweli ilikwenda. Pikipiki ilikohoa njia nzima na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi, lakini alipokata kulia, ikakata kulia. Walipofika, watu walikuwa wanakung'uta udongo kwenye makoleo. Mama alikwenda moja kwa moja kaburini, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo uliokuwa bado na unyevu.

"Kaka, nimechelewa," alisema. "Mafuta."

Waombolezaji wa nchi ile waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza mafuta gani.

Wakati wa kurudi nyumbani, baada ya matanga, mama alitaka wapitie zahanati. Nesi aliwatambua. Mwanamke yule alipona, alisema. Mtoto hakuwahi. Gari lilizimika wakiwa wanayaona mapaa ya hospitali, dereva na mume wakalisukuma, lakini pale pana mlima.

Fundi alijaribu kukumbuka walikuwa wameuzunguka mzunguko ule mara ngapi, hesabu ikamchanganya. Mama alimshika bega, akalikandamiza.

Uani magari yalikuwa mengi kuliko siku ile. Lango lilipanuliwa, na chini ya ukuta palikuwa na benchi refu jipya, lenye rangi ya kung'aa na jina la kituo cha mafuta. Mwenye kituo alilitoa kama msaada, nesi alisema, kwa ajili ya wanaosubiri kunyonywa. Bwana ugavi alikuja kulizindua, na picha zikapigwa.

Mama alikaa, akajaribu kuegemea.

"Linakalika," alisema, akasogea kumpisha dereva wa lori aliyekuwa ameingia sasa hivi, bado anahangaika na usukani.