Cherehani Aliyegoma

Msimu wa sare za shule unanimaliza. Tangu asubuhi nakanyaga cherehani, mgongo hausemeki, vitambaa vimejaa mpaka kitandani, na kila mteja anataka yake leo. Sisi mafundi tuna dawa ya wateja wa namna hiyo: "Cherehani imeharibika, njoo kesho." Nilikuwa nimetoka kumpa dawa hiyo mama mmoja mwenye sauti kubwa, naye ameketi kupumzisha miguu kabla ya kurudi kwake, binti yangu alipoanza kutusomea hadithi aliyoiandika.

"Cherehani aligoma," alisoma. "Akasema, mimi ni mzima, lakini fundi ananisingizia ugonjwa kila siku. Leo naumwa kweli. Nataka likizo, mafuta na chai."

Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, mgonjwa wako anaendeleaje?"

Uso uliniwaka kwa aibu. "Wewe mtoto, huna adabu!" nikafoka. "Kaandike vitu vya maana!"

Mteja akaondoka na kicheko chake. Binti yangu akaichana karatasi, akaingia ndani.

Alasiri akaniletea nyingine. "Cherehani ni chombo cha kushonea nguo. Kina sindano na gurudumu. Tunapaswa kukitunza." Hakukuwa na kosa hata moja. Alisoma kwa sauti ile anayomjibia shangazi yake asiyempenda, kisha akauliza kama sasa ni vya maana. Roho iliniuma. Tangu baba yake aondoke, nyumba hii haina mwingine wa kutuchekesha ila yeye, na huyo mmoja nimemzima kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Nirudishie yule aliyegoma," nikasema.

"Nimeshamchana, mama."

"Basi nisimulie. Aliishia wapi?"

Alisitasita, akichezea kipande cha kitambaa. "Alirudi kazini. Fundi alimuuliza kama amechoka, basi. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumuuliza."

Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio. Sare zilikuwa zinanisubiri na sikuzijali.

"Na wewe mama," akasema, bado anaangalia kitambaa, "umechoka?"

Machozi yalinilengalenga. Sikukumbuka mara ya mwisho kuulizwa hivyo.

"Nimechoka mno, mwanangu," nikamwambia. "Kaiandike upya hivyo hivyo. Ila nikiisoma, nicheke."