Mambo Madogo ya Mzee Omanga

Bosibori aliingia nyumba namba moja, akaona choo, na damu ikamchemka papo hapo.

Si kwamba choo kilikuwa kibaya. Kilikuwa na vigae vyeupe na maji yenye nguvu. Ubaya wake ni pale kilipokaa: katikati ya chumba chake na mumewe na chumba cha baba mkwe wake, Mzee Gichana, kikiwa na mlango upande huu na mlango upande ule. Na chumba cha mzee hakikuwa na njia ya kutokea nje ila kupitia sebuleni, mbele ya mkaza mwana wake akiwa na leso kifuani.

"Hawezi kuingia hapa," alisema peke yake. "Atafia kule."

Kule ni stoo ya mahindi nyuma ya kanisa, hapo Suna. Mwenye nyumba waliyokuwa wakipanga aliwafukuza ajenge maduka, na familia nzima ikajibana katika chumba kimoja. Mgusii gani atalala chumba kimoja na mke wa mwanawe? Mzee alibeba kitanda chake akahamia stoo bila kuambiwa na mtu, na mvua ikamkuta huko. Kikohozi chake sasa kilisikika barabarani. Nyumba hii ndiyo iliyokuwa imtoe huko.

Nyumba zenyewe zilikuwa za shirika lisilotafuta faida. Kanisa lilitoa kiwanja, wafadhili wakatoa mtaji, na wachuuzi wa soko la Migori wangelipa polepole kwa bei ya kujengea, bila mtu kula cha juu. Ili gharama isipande, shirika liliajiri kampuni moja ya Homa Bay ichore na ijenge, kazi zote mbili katika mkataba mmoja. Ni utaratibu mzuri, mradi ujue kusema unachotaka. Ukishatia sahihi, usilosema halimo.

Basi, kabla ya sahihi, uliitwa mkutano wa kusema. Wazee waliketi mbele, wake wa wana wao nyuma. Jeremiah, injinia wa kampuni, Mjaluo mpole, akauliza: "Choo mnataka ikae wapi? Chumba ya mzee ifungukie wapi?"

Wagusii wana heshima yao iitwayo chinsoni: baba mkwe na mkaza mwana hawataji choo wala kitanda mmoja akimsikia mwenzake. Wanawake walitazama vidole vya miguu. Wazee walikohoa. Jeremiah akauliza tena, na mwenyekiti wa kamati ya nyumba, Mzee Omanga, akapunga mkono. "Hayo ni mambo madogo. Wewe ndio mtaalamu, utajua." Kisha wakabishana asubuhi nzima juu ya rangi ya mabati, nusura wapigane. Watu wazima wenye akili timamu, na wote waliogopa neno choo kuliko walivyoiogopa mvua!

Sasa Bosibori, Mama Liz kwa majirani, alitoka nje ya nyumba namba moja. Kamati na wanunuzi wengine walikuwa uani wakisifu madirisha. Mzee Gichana alisimama karibu na rundo la mchanga, amempa mkaza mwana wake mgongo kama desturi inavyotaka.

"Injinia," Bosibori alisema, "wewe ni Mjaluo. Mama mkwe wako anaweza kuoga kwa bafu yako?"

Jeremiah alitazama viatu vyake. "Hapana, mama. Hata kulala kwangu hawezi."

"Sasa hii ulijengea nani?"

"Mama Liz, niliuliza mara mbili. Mkaniambia ni mambo madogo. Choo moja ikikaa katikati, mabomba inakuwa fupi na bei inashuka. Nyumba za Sindo tulijenga hivyo, lakini huko hakuna chumba ya mzee."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomkera Bosibori zaidi. Angekuwa mwizi, angemrukia.

"Na hizi zingine?"

"Hizo ziko kwa msingi. Mimi ndio nachora, mimi ndio najenga. Mkisema leo, kesho nabadilisha. Lakini hii imeisha. Hii ni ya mfano, wafadhili wanakuja kupiga picha."

Mzee Omanga, ambaye nyumba yake ya pembeni ilikuwa bado msingi, alicheka kidogo. "Mama Liz, maji yakimwagika hayazoleki. Tusiaibishane mbele ya watu. Mtazoea."

Mtazoea! Bosibori alihisi masikio yakiwaka.

"Mficha uchi hazai!" alipaza sauti. Wanawake wakaziba midomo. Mgongo wa Mzee Gichana ukakakamaa. "Tulificha, sasa tumezaa nini? Choo! Nasema choo! Baba yetu anakohoa damu kwa stoo ya mahindi, na nyumba yake iko hapa, na hawezi kuingia kwa sababu sisi wote tuliona haya!"

"Wewe mwanamke—" Mzee Omanga alianza.

"Kama ni mambo madogo, Tata Omanga, tubadilishane. Chukua hii namba moja, ingia leo na Dorah wako. Mimi nitangoja yako."

Dorah, mke wa mwana wa Omanga, alikuwa pale na mtoto mgongoni. Alijificha nyuma ya wenzake haraka.

"Haiwezekani," mwenyekiti alisema.

"Kwa nini?"

"Haiwezekani tu."

"Sema kwa nini. Si ni madogo?"

Mzee Omanga aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuna aliyemsaidia. Jasho lilimtiririka.

"Siwezi kutoka chooni nikutane na mke wa mwanangu!" alifoka, mpaka madereva wa malori ya miwa wakageuka kule barabarani.

"Hata baba yetu hawezi," alisema Bosibori.

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena. "Injinia, toboa ukuta wa chumba cha mzee, uweke mlango wa nje. Pesa ya uzio itatosha, tutapanda michongoma."

"Na picha za wafadhili?"

"Wapige picha ya tundu!"

Watu walicheka. Bosibori hakucheka. Hasira yake ilikuwa imeanza kugeuka hofu. Alitaja uchi na choo mbele ya baba mkwe wake, mchana kweupe. Huenda mzee asile tena chakula alichopika Bosibori maisha yake yote. Huenda akabaki stoo kwa aibu, mlango uwepo au usiwepo.

Mzee Gichana alikohoa kwa muda mrefu. Hakugeuka.

"Injinia," alisema, akiutazama mchanga, "mwambie mama wa nyumba hii, mlango wangu uwe mpana. Kitanda changu ni kikubwa, sitaki kukipitisha kwake."

"Sawa, mzee."

"Na choo changu," akasita, shingo ikamtoka mishipa, "choo changu kiwe huku nje."

Bosibori aliuficha uso wake ndani ya leso.