Umeua, Wewe Mwanamke

Mgeni hakupiga hodi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kupigia pasi cha hospitali, shati lake likianza kulowa kwa mvuke, akamsikiliza yule binti kwa muda ambao binti mwenyewe hakuujua. Mashine ilikuwa inanguruma. Shuka za wodi zilikuwa zinaingia upande huu zimekunjamana na kutokea upande wa pili zimenyooka kama karatasi, na binti, mgongo ameupa mlango, alikuwa anaisindikiza kila shuka kwa neno lake.

“Nimeua. Umeua, wewe mwanamume. Umeua, wewe mwanamke. Ameua. Tumeua.”

“Mmemuua nani?” mgeni akauliza.

Shuka ikamponyoka. Alipogeuka aliona mtu mwembamba asiyemjua, mkono mmoja umeshika daftari, mwingine umeinua kitambulisho chenye picha na nembo ya polisi. Hakuhitaji kukisoma.

“Zima hiyo mashine, dada. Tuzungumze.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Saa nane kamili binti alitakiwa awe ameketi kwenye chumba cha mtihani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na ikishafika saa nane mlango ule hufungwa, usifunguliwe hata kwa mgonjwa. Hilo ndilo lililomjia kwanza, kabla hata ya kujiuliza kosa lake ni lipi.

Alikuwa na shahada, na shahada ile ilikuwa na miaka miwili imelala kwenye bahasha chini ya godoro la mama yake. Msimamizi wa chumba, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa na wote Mama Pasi, alimtania kila mwisho wa mwezi: “Mwanangu, shahada yako ingekuwa na kola, ningekupigia pasi ukaivaa.” Kisha ofisi moja ya wafasiri ikatangaza nafasi mbili za wanagenzi. Mshahara mdogo, meza yako mwenyewe, na kazi ya kutafsiri maandiko ya kale kutoka Kiebrania. Sharti ni moja tu: mtihani wa vitenzi. Ukishindwa, urudi mwakani. Binti hakujua hata herufi moja. Miezi minne sasa, kila Alhamisi jioni, alikuwa akienda kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la kutoa nakala, akifundishwa na mwalimu mstaafu, yeye na mwanafunzi mmoja mwenzake.

Mpelelezi aliketi juu ya kapu la shuka chafu kama aliyekaribishwa. Mama Pasi naye akaingia na kusimama kando ya mlango, mikono kiunoni, maana chumba kilikuwa chake.

“Mama mmoja ameleta taarifa,” mpelelezi akasema. “Anaishi chumba kinachopakana na hicho mnachokutania Alhamisi. Ukuta ni mwembamba. Nakusomea alichosikia.” Akalowesha kidole, akafunua daftari. “‘Sauti ya mwanamume: Umeua, wewe mwanamke. Sauti ya mwanamke: Nimeua. Mwanamume: Tena. Mwanamke: Nimeua. Kisha sauti ya tatu, ya mzee, ikasema: Vizuri sana. Wiki ijayo tutajiua.’”

“Mungu wangu!” Mama Pasi akashika mdomo. “Mwanangu, umejiunga na nini?”

Binti nusura acheke. Aliyoyasikia jirani yalikuwa maneno yao kweli, neno kwa neno, na kadiri yalivyokuwa ya kweli ndivyo yalivyozidi kutisha.

“Ni somo, afande,” akasema. “Ni vitenzi.”

“Vitenzi.”

“Vitabu vya zamani vya sarufi ya Kiebrania hufundishia kitenzi kimoja. Kuua. Sijui kwa nini walichagua hicho. Mwalimu anasema ni kwa sababu herufi zake tatu ni tulivu, hazipotei wala hazimezwi. Wanafunzi wote wa zamani walianzia hapo.”

“Kwa hiyo kulia kusingefaa? Kulima?” Mpelelezi alikuwa na macho ya mtu aliyedanganywa sana maishani. “Mwalimu wako yuko wapi?”

“Ndiye msimamizi wa mtihani. Leo. Saa nane. Amejifungia na karatasi, haonani na mtu mpaka mtihani uishe.”

“Mpigie.”

Akapiga. Namba ile haikupatikana. Alijua haitapatikana, mwalimu alikuwa wa kuzima simu tangu asubuhi siku za mtihani, asije akashawishiwa na mtu. Mpelelezi akasikiliza ile sauti ya kike ya kampuni ya simu hadi mwisho, akatikisa kichwa kana kwamba nayo ilikuwa shahidi.

“Nipe daftari lako la somo.”

Daftari la binti lilikuwa juu ya rafu ya wanga. Mpelelezi akalifungua, akalipindua juu chini, akalirudisha. “Haya ni maandishi au kuku amepita?”

“Yanasomwa kutoka kulia, afande.”

“Aa. Yanasomwa kinyume.” Akaandika jambo kwenye daftari lake. Binti akaona mkono ule unavyoandika polepole. Alijiona kituoni, nyuma ya meza ndefu. Alimwona mama yake anaitwa. Mama ambaye tayari alikuwa amewaambia mashoga zake wote kwamba mwanawe anaingia ofisini.

“Nieleze,” mpelelezi akasema. “Pole pole. Nikielewa, nimeelewa. Nisipoelewa, tunaondoka wote.”

Hapo ndipo hofu ya pili ikaikuta ya kwanza, maana ukweli ni kwamba binti mwenyewe hakuwa anavielewa vitenzi vile. Alivikariri. Majedwali saba, aliyatia kichwani kama mtu anayejaza maji kwenye kikapu, na kila usiku yalivuja. Aliokota chaki ya kutilia alama shuka zilizochanika, akainama, akaandika kwenye sakafu ya saruji herufi tatu. K. T. L.

“Huu ni mzizi. Peke yake hausemeki. Ni kama…” Akatazama huku na huku. “Afande, unajua kitabu. Unajua katibu. Maktaba. Mkataba. Umeona kitu gani hakibadiliki?”

Mpelelezi akakunja uso. “K,” akasema. “T. B.”

“Maneno yale yametufikia kwa Waarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Herufi tatu zinakaa, vinavyobadilika ni vilivyo kati yake na mbele yake. Sisi tumezoea mkia. Piga, pigwa, pigana, pigisha. Kitenzi chetu kinatikisa mkia nawe unajua kinataka nini. Mimi miezi miwili nimekuwa nikiutafuta mkia wa Kiebrania, siuoni. Kumbe mambo yako tumboni na kichwani. Katal, ameua. Niktal, ameuawa.” Aliandika kila umbo chini ya lingine. “Kitel, ameua kwa nguvu, ameua ua. Kutal, ametendwa hivyo. Hiktil, amemfanya mwingine aue. Hoktal, amefanywa aue. Na hitkatel…”

“Amejiua,” Mama Pasi akamalizia kwa sauti ndogo.

“Ndiyo. Hilo lilikuwa somo la wiki iliyofuata. Na ‘umeua wewe mwanamke’ ni kwa sababu wao hutenganisha. Kumwambia mwanamume umeua ni katalta, mwanamke ni katalt. Mwalimu anatutaka tuseme na Kiswahili chake, kwa sauti, ili yakae.”

“Na mkampigia jirani kelele za mauaji wiki kumi na sita.”

“Hatukufikiria ukuta, afande. Tulikuwa tunamwogopa mwalimu.”

Mpelelezi hakucheka. Lakini aliinuka kwenye kapu, akachuchumaa kando ya herufi, akanyoosha kidole. “Nipe mzizi mwingine. Usio na damu.”

L. M. D., binti akaandika. “Lamad, amejifunza.”

“Tia ule muundo wa tatu. Wa nguvu.”

Binti akafunga macho. Jedwali halikuja. Lilikuwa limefutika lote, kama siku zote alipoogopa. Mahali pake akaona kitu kingine: zile herufi tatu zimesimama, na sauti zinaingia kati yake, i, kisha e, kila moja mahali pake, bila kusukumwa. “Limed,” akasema. “Amefundisha.”

“Ajifunzaye na afundishaye ni mzizi mmoja?”

“Mzizi mmoja.” Akafumbua macho. Mara ya kwanza katika miezi minne alikuwa ameunda neno, si kulikumbuka tu. Ikamjia hamu kali ya kukimbia kwenye ule mtihani saa ileile, kabla jambo lile halijamtoka. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini.

Mpelelezi akasimama, magoti yakalia. “Dada, mimi naanza kukuamini. Lakini ripoti haitaki imani, inataka mtu wa kuthibitisha. Mwalimu hapatikani. Jirani amesikia mwanamume wa pili. Huyo ni nani?”

Binti akaweka chaki chini.

“Mwanafunzi mwenzako. Ni nani, anafanya kazi wapi? Napita, namuuliza maswali mawili, unakwenda zako.”

Mwanafunzi mwenzake alikuwa fundi seremala mwenye mvi, mwenye karakana mtaa wa pili tu kutoka pale. Aliacha shule darasa la nne. Siku moja mezani alithubutu kusema angependa kujua maandiko ya kale yanasemaje kwa lugha yake yenyewe, wanawe wawili waliosoma wakacheka hadi machozi. “Baba, wewe soma tepu ya kupimia, inakutosha.” Hakusema tena. Akaanza kuaga Alhamisi kwamba anakwenda kutazama mbao. Wiki ya tatu, aliposhindwa kutamka jedwali la kwanza mbele ya mwalimu, alitoka nje akaketi kwenye ngazi akiwa amejishika kichwa, na binti akamfuata.

“Naacha, mwanangu,” alimwambia. “Nikianguka watajua, na nyumba nzima itanicheka mpaka nife.”

“Hawatajua, baba. Kwangu halitoki. Sikutaji kwa mtu yeyote, mpaka mwenyewe uwe na karatasi ya matokeo mkononi.”

“Kwa mtu yeyote?”

“Kwa mtu yeyote.”

Akarudi darasani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi, ndogo, ya kwenye ngazi, isiyo na shahidi. Na sasa, yeye akiwa amekwenda kwa siri kwenye mtihani uleule, watoto wake wawili ndio waliokuwa karakanani, ndio waliopokea simu ya kazi. Mpelelezi mlangoni akimuulizia baba yao kuhusu kuua Alhamisi jioni: mtaa mzima ungejua kabla ya jua kuzama.

“Siwezi kumtaja, afande.”

“Huwezi au hutaki?”

“Nilimwahidi.”

“Ahadi gani hiyo?” Sauti ya mpelelezi ikapanda. “Binti, unajua unaonekanaje? Watu wawili wanasema habari za kuua, mmoja anafichwa. Hapa ulikuwa umeshatoka.”

“Mtaje, mwanangu!” Mama Pasi akamshika mkono. “Ni mume wa mtu? Hata kama ni mume wa mtu, mtaje. Aibu ya mtu mzima haiui.”

“Si hivyo, mama.”

“Basi ni jambazi?”

“Ni mtu mwema kuliko mimi.”

“Wema gani usiotajika?” Mama Pasi alikuwa anakaribia kulia. “Miezi minne unanichomea shuka kwa kusoma. Nimekuvumilia ili leo uende. Nenda!”

Saa nane kasoro robo. Mpelelezi akatoa funguo mfukoni. Sasa alisema taratibu, na upole ule ulimtisha binti kuliko ukali wa mwanzo, kwa sababu ulikuwa wa kweli.

“Gari liko nje. Kwa gari ni dakika nne. Nipe jina moja, nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Ukikataa, inabidi nikae nawe mpaka mwalimu wako awashe simu. Si adhabu. Ndivyo kazi ilivyo.”

“Atawasha saa kumi.”

“Basi ni saa kumi.”

Binti akatazama sakafu. L. M. D. ilikuwa pale bado, mvuke umeanza kuifuta pembeni. Alimwona mzee wa watu saa hii ameketi kwenye dawati dogo kuliko magoti yake, penseli amechonga kwa patasi, kila mguu unaopita anageuka kuona kama ni yeye. Nafasi ni mbili. Akashikwa na woga mpya: pengine bila yeye mzee atainuka na kuondoka. Pengine anaitunza ahadi ya bure.  Akaiegemea mashine iliyokuwa bado ya moto, na jina likampanda hadi kwenye meno, fupi, jepesi, la herufi chache tu.

Akalimeza.

“Andika kwamba nimekataa, afande.”

 Mpelelezi akarudisha funguo mfukoni, akaketi tena kwenye kapu la shuka, akafungua daftari na kuandika. Mama Pasi akavuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa aproni, akamketisha binti. Nje, mtaani, kengele ya shule fulani ikagonga saa nane.