Abiria wa Mikoroshoni

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Lakhamshi alizitoa baiskeli zake dukani, akazipindua matairi juu barazani na kuitia mafuta minyororo. Mkewe, Motiben, aliketi mlangoni akichambua mchele, akiwapa wapita njia habari za waliopita kabla yao. Vijana wa Malindi walikuja kukodi wakiwa wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakazikunja mpaka magotini na kuzifunga kwa kamba ili zisiliwe na mnyororo. Hakuna aliyekuwa na safari. Waliendesha kwa ajili ya upepo, na kwa ajili ya kuonekana.

Njia waliyoipenda ilianzia msikitini, ikapita kwenye nguzo ya Wareno, ikafuata kivuli cha minazi mpaka shambani kwa Hamad bin Athman, kisha ikarudi mjini kwa upande wa Muyeye. Utamu wake ulikuwa kile kipande cha shambani, Mikoroshoni. Kwingine kote ni mchanga; gurudumu linazama, na kijana wa watu anashuka kusukuma kama mwenye punda mbishi. Mikoroshoni ardhi ilikuwa ngumu na sawa kama sakafu. Na kweli ilikuwa sakafu. Kabla Hamad hajapanda mikorosho yake, Wagiriama walikuwa na mji wao pale, na nyua zao zilifagiliwa na kukanyagwa tangu enzi za mababu. Hamad aliwaondoa, wakavuka mto Sabaki na kuku wao vichwani. Walichoacha ni mafiga ya majiko yao na vigango, yale magogo ya kuchongwa ambayo Mgiriama humsimikia mzee wake aliyekufa ili apate pa kukaa. Hamad aliving'oa, akavilaza juu ya korongo viwe daraja. Daraja lilikuwa zuri. Baiskeli zilipita bila kutikisika.

Wa kwanza kupata abiria alikuwa Abdurahman, mwana wa Hamad mwenyewe. Alipovuka daraja, magharibi ikikaribia, baiskeli ikawa nzito. Alishuka akaminya tairi, akakuta limejaa vizuri. Kwenye keria alikuwa ameketi mzee mwembamba aliyejifunga kaniki, fimbo amepakata.

"Shikamoo," alisema Abdurahman, maana alilelewa akaleleka.

"Marahaba. Twende basi, giza laingia."

"Twende wapi, mzee?"

"Muyeye, kwa binti yangu Mbeyu, yule mshona makuti. Mwambie ni Mramba, babake. Nilikufa mwaka wa ndui."

Abdurahman akapanda, akakanyaga pedali. Pale kwenye kimlima aliomba radhi kwa kwenda polepole.

Mbeyu walimkuta uani, amezungukwa na makuti. Alimtazama baba yake kuanzia nyayo mpaka utosini, akaenda kusonga sima.

"Umekonda," alisema.

"Nimekufa, mwanangu."

"Hata kama."

Mzee alikula kwa mchicha wa nazi, akaeleza. Tangu kigango chake king'olewe hakuwa na pa kukaa. Alikuwa amesimama muda wote huo, jua na mvua, na miguu ya mtu mzima haivumilii. Alipoona kiti kinapita, akakikalia. Alipomaliza kula alimshukuru binti yake, akamwomba Abdurahman amrudishe.

Ijumaa zilizofuata wakatokea wengine. Akaja bibi mmoja na hando lake jeusi. Wakaja ndugu wawili waliokufa wamenuniana, kila mmoja akataka baiskeli yake. Lakhamshi alishonea kila keria mto wa sufi, akasema abiria ni abiria. Vijana waliobeba wasichana wa watu kwa siri walinung'unika kuwa nafasi imekwisha, lakini hawakunung'unika kwa sauti.

"Yule mzee wa Abdurahman mpole," Motiben aliwaambia wateja. "Lakini bibi wa jana! Toka darajani mpaka hapa anamsema kijana, kaza mguu, kaza mguu. Utadhani mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako si yu hai?"

"Yu hai, yuko Kachi, kwetu Bara Hindi. Huyu bibi ana nafuu. Huyu anashuka."

Mji ukazoea. Usiku watu walisikia kengele za baiskeli zikielekea Muyeye, wakageukia upande wa pili, wakalala.

Mwaka huo serikali ilikuwa ikisikiliza nani mwenye ardhi ipi pwani nzima, na Hamad alitaka Mikoroshoni iandikwe kwa jina lake. Alisema aliikuta pori, haina mtu. Mbeyu akaenda kupinga. Baraza likimkubali, watoto wake na nduguze wa ng'ambo ya Sabaki wangerudi kwao. Likimkataa, hapakuwa na baraza jingine. Aliambiwa yeye ni mdai, alete shahidi mwingine aliyewahi kuishi pale. Wa ng'ambo walikuwa wamekatazwa na serikali kuvuka mto. Mbeyu alifikiri kidogo, akamleta baba yake.

Abdurahman ndiye aliyembeba. Baraza lilikuwa chini ya turubai, Mzungu wa ardhi amekaa mezani, na kando yake mzee Ngala, Mgiriama aliyewekwa kueleza mila. Watu walijaa mpaka barabarani. Motiben alikuja na mchele wake. Hamad aliinuka kumpokea shahidi, akampa mkono.

"Mzee Mramba! Siku nyingi."

"Nyingi. Nawe umenenepa."

"Alhamdulillahi. Watoto?"

"Umewavusha mto wewe, wafahamu kuliko mimi."

Watu wakacheka, Hamad naye akacheka. Kisha akaitwa, akashika msahafu, akaapa kuwa aliikuta Mikoroshoni pori na hakumwona mtu. Akarudi kukaa karibu na Mramba, akamsogezea kiti.

Ikafika zamu ya mzee. Mzungu alitaka kila shahidi aape kwa kiapo cha watu wake. Ngala akaeleza kiraho cha Wagiriama: shahidi hula kiapo, na akisema uongo, kiapo kinamuua.

"Huyu je?" aliuliza Mzungu. "Akisema uongo?"

Ngala alimtazama Mramba. Walitahiriwa pamoja wakiwa wavulana.

"Huyu kiraho hakimshiki," alisema. "Kitamuua vipi tena?"

Wazee wote wa Kigiriama waliokuwapo walitikisa vichwa kukubali. Mbeyu pia alijua ni kweli. Alijua mila ile tangu hajaota meno ya pili, ila hakuwa amefikiria kuwa ingekuja kusimama upande ule. Mramba akaomba asikilizwe hivyo hivyo, bila kiapo. Alitaja nyumba ya nani ilikuwa wapi, mlango umeelekea wapi, jiko lilikuwa upande gani. Mzungu alimwacha aseme yote, maana shahidi alikuwa mtu mzima. Mwandishi wa baraza aliweka kalamu chini.

Mbeyu akamgeukia Abdurahman.

"Wewe, bwana mdogo, u hai. Kiapo kinakushika. Njia ile umeipita kuliko mtu yeyote, na mafiga ya mama yangu umeyaona kwa macho yako. Waambie ulikuta nini."

Abdurahman akasimama, akashika msahafu. Alimtazama baba yake, kisha akazitazama kamba za kanzu yake.

"Nilikuta mahali pazuri pa kuendeshea," alisema.

"Na nini tena?"

"Basi."

Akakaa. Hakuwa amesema uongo, na hakuna kilichompata. Hata Hamad hakupatwa na kitu. Alikwenda nyumbani, akala chakula cha mchana, akalala vizuri.

Ardhi ikaandikwa kwa jina la Hamad, na kila aliyemo ndani akaamriwa kupatana na mwenye shamba. Majirani walimwuliza Hamad sasa atawafanyaje wale wafu wa Mikoroshoni. Alijibu kuwa yeye si mtu wa kufukuza watu mara mbili. Waache wakae, alisema, lakini anayekaa kwenye shamba la mtu hulifanyia kazi. Akaweka nyapara, akagawa majembe.

Bibi wa hando alipewa kuokota korosho. Ndugu wawili waliwekwa mstari mmoja, wakapalilia bila kusemeshana. Walifanya kazi tangu alfajiri, na jioni walikuwa bado na mistari yao ya kumaliza, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kupanda baiskeli. Njia ikapendeza kuliko zamani, haina jani. Watu walianza kuja kutoka Mambrui kuiendesha. Waliopita walipiga kengele, na wapalilizi wakasogea kando na kuitikia salamu. Abdurahman alikuwa akipunguza mwendo pale, anasema shikamoo, anaitikiwa marahaba, anapita.

Mbeyu alisikia kutoka kwa Motiben kuwa baba yake anashindwa kuinua mgongo. Alisonga sima, akaifunika kwa jani la mgomba, akaenda kwa miguu mpaka Mikoroshoni. Alimkuta pale palipokuwa mlango wa nyumba yao, ameinama na jembe.

"Baba. Njoo ule, ingali moto."

Mzee hakuacha kulima.

"Kamuulize nyapara kwanza," alisema.