Mpira Namba Ishirini

Fundi Koki alikuwa na miaka thelathini na moja ya kufukua mitaro na kuunga mabomba, na siku ukuta wa mtaro ulipomporomokea mgongoni, hakufa. Watu walimpa hongera ya kutokufa. Baada ya miezi mitatu ya wodi alitembea kwa magongo mawili, lakini kuanzia kitovuni kwenda chini alikuwa na ganzi, na mkojo haukutoka wenyewe. "Nimewafungulia maji mtaa mzima," aliwaambia waliokuja kumwona, "nimeziba mwenyewe." Walicheka kwa adabu.

Asubuhi ya kuruhusiwa, nesi wa kliniki ya mkojo alimkalisha kwenye chumba chenye kitanda, sinki na pazia lililofifia, akampangia mipira ya mkojo juu ya sinia ya chuma.

"Huu unakaa ndani wiki kadhaa," alisema. "Mfuko wake unafungwa pajani. Lazima mtu aumwage, na asafishe pale mpira unapoingilia. Mikono yako bado inatetemeka. Nyumbani una nani?"

"Binti yangu. Mama yake alishatangulia."

"Basi tutamfundisha binti."

"Heri mnizike."

Hakuwa anatania. Kuna vitu baba havionyeshi kwa mtoto wa kike hata nyumba ikiungua, na yeye alikuwa mtu wa kubisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Tena binti alikuwa amefunga saluni yake miezi mitatu amuuguze, na mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia kwamba akifunga tena, apeleke ufunguo. Fundi Koki aliyajua yote mawili, na yote mawili yalimnyima usingizi.

Nesi alisogeza mipira mingine. "Kama hutaki, iko hii ya kuingiza mwenyewe. Kila baada ya saa nne unaingiza, mkojo ukiisha unautoa. Huu una utelezi wake, huu unaupaka jeli. Kwako namba kumi na mbili inatosha. Shika, ulinganishe."

Fundi aliuviringisha mpira kati ya vidole, alivyozoea kufanya na bomba dukani kabla hajalilipia. "Mwembamba mno. Utaziba."

"Hauzibi, mzee wangu. Na hiyo njia si chuma, ni nyama. Halafu huna hisia huko, ukijiumiza hutajua. Mpira ukigoma, pumua, kohoa kidogo, subiri. Ukigoma tena, njoo. Usisukume. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alifanya mara tatu mbele yake, jasho likimtoka. Mara ya tatu nesi alitikisa kichwa kwamba sawa, akamfungia pakiti za namba kumi na mbili.

Wiki ya kwanza nyumbani alikuwa mfalme. Alikaa bafuni juu ya kigoda, kioo mbele, ndoo chini, akimaliza anapiga mluzi. Binti alisimama nje ya mlango na mkoba begani.

"Baba, uko salama?"

"Nenda kasuke watu!"

Akaenda, saluni ikafunguliwa, wateja wakarudi. Jioni alirudi na harufu ya mafuta ya nywele na vichekesho vya wateja, na baba yake alimsikiliza akila kwa hamu. Kama hadithi ingeishia hapo, nisingekuwa na haja ya kuisimulia.

Lakini mkojo ulitoka polepole. Dakika ishirini kwenye kigoda, na siku moja mpira ulitoka na vipande vyeupe. Mtu mwingine angemuuliza nesi. Fundi Koki akajiuliza mwenyewe, na jibu alikuwa nalo tangu ujana: maji yakija kidogo, ongeza upana wa bomba. Mganga hajigangi, lakini nani angemwambia hilo? Alijikongoja mpaka duka la dawa.

"Nipe mkubwa kabisa mlio nao."

"Namba ishirini," muuzaji alisema. "Ndio alioandika daktari?"

"Ndio, mwanangu."

Mpira namba ishirini uligoma. Hakupumua, hakukohoa, hakusubiri. Alisukuma, kwa mkono uleule uliozoea kulazimisha kila kitu. Hapakuwa na maumivu yoyote. Halafu kitu kikaachia, mkojo ukaja kwa kishindo, ndoo ikalia. Alicheka peke yake. Ulikuwa na rangi ya waridi, nalo halikumshtua. Ukifungulia bomba lililokaa, maji ya kwanza huja na kutu. Unayaacha yapite, yatakuja masafi.

Aliyaacha yapite siku nne. Siku ya pili yalikuja mekundu zaidi. Ya tatu aliosha ndoo mara mbili na kuficha taulo chini ya godoro. "Baba, mbona umepauka?" binti aliuliza, naye akasema ni kukaa ndani bila jua. Siku ya tano hakikutoka kitu ila mabonge meusi ya damu. Tumbo likakaza kama ngoma, homa ikampanda, na mchana huo jirani alimpigia binti simu saluni kwamba baba yake anaitwa haitiki. Binti alimwacha mteja na nywele nusu, akaja akavunja kitasa cha bafu. Alimkuta sakafuni, uchi, kioo kimepasuka kando yake.

Hospitali walimtoboa juu ya kinena, wakapitisha mpira mpya moja kwa moja mpaka kwenye kibofu. "Njia ya zamani umeichana," daktari wa upasuaji alimwambia. "Itapona na makovu, na makovu yataiziba. Huu ndio wako sasa."

Nesi yuleyule alikuja na sinia. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kama angemgombeza.

"Nilidhani ni kutu," Fundi alisema.

Binti alikuwa dirishani. Utotoni alimbebea mkoba wa vyuma nyumba kwa nyumba, akamsikia akiwafokea wenye nyumba waliochokoa mabomba kwa nondo. "Si wewe uliyekuwa ukiwaambia, Baba? Bomba likigoma usisukume, ita fundi. Ungeniita mimi."

"Kidonda kioshwe kila siku, mfuko umwagwe," nesi alisema. "Nani atajifunza?"

Binti alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, ananawa mpaka viwikoni. Fundi alivuta shuka kufunika uso.

"Saa hizi si uko kazini?" aliuliza ndani ya shuka. "Saluni umemwachia nani?"

"Ufunguo nimempelekea mwenye nyumba asubuhi." Alisogeza shuka kutoka miguuni. "Tanua mguu, Baba."

Mguu haukumtii. Akaushika kwa mikono miwili, akautanua.