Akidi ya Wapangaji

Mie Tunu, mpangaji wa Madale, chumba kimoja na kibaraza. Kibaraza ndiyo jiko langu, usicheke. Kila siku alfajiri nabeba chupa za uji kuwapelekea mafundi wanaojenga huko juu mlimani. Nawafikia, lakini ni siku ile tu ambayo Lusungu, kamanda wa walinzi wa mtaa, hajaamua kuniweka kitako mpaka kukuche eti ananihoji. Ananihoji nini, na uji wangu anaunywa kila Jumapili? Mwezi huu peke yake kaniweka mara tatu, na mara zote tatu mafundi wamekunywa chai ya mwingine. Nikaapa, mkutano wa mtaa utanisikia.

Sasa kwetu mpangaji anaitwa mkutanoni, anasaini daftari, anapiga makofi. Kura ni ya wenye nyumba, ndivyo walivyojiwekea. Jumamosi ile ajenda zilikuwa mbili: ya kwanza, walinzi waongezewe mwaka kwa taratibu zilezile, ya pili, wapangaji wapewe kura. Mwenyekiti, Mzee Adelard, ndiye aliyezipanga hivyo. Mjanja yule! Tukija kuipata kura, la walinzi limeshapita.

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo Mwenyekiti. Naomba ya pili iwe ya kwanza."

"Marahaba, binti. Mpangaji hatoi hoja. Kaa."

Nikakaa, roho inanichemka. Pembeni yangu alikuwa Mwalimu Demetria, mpangaji mwenzangu, ambaye siku zote ndiye anayeshikishwa daftari la mahudhurio.

"Mwalimu, mkutano huu unataka watu wangapi ndiyo uwe halali?"

"Sitini."

"Na waliosaini?"

"Sitini na wanane. Wenye nyumba thelathini na mmoja." Akanitazama. Kabla sijasema neno, akaanza kucheka mpaka miwani ikamteleza puani.

Mzee Adelard alipofungua tu mdomo kuita kura ya walinzi, nikasimama.

"Mwenyekiti, sina hoja. Naaga tu, nimeacha maharage jikoni."

"Na mie nina madaftari ya kusahihisha," akasema Demetria.

Viti vya plastiki vikaanza kusogea nyuma yetu. Huyu ana mtoto mgonjwa, yule ana kikao cha harusi, na mmoja aliyekosa la kusingizia akasema anaondoka kwa sababu wenzake wanaondoka.

"Nyie! Rudini! Mnavunja akidi!" akafoka Mwenyekiti.

"Looh! Kumbe sie watu?" nikamjibu. "Kwenye akidi tumo, kwenye kura hatumo?"

Aliyeshtuka zaidi ni Lusungu. Muda wa walinzi ulikuwa unakwisha kesho yake, na mkutano ukivunjika hana kazi. "Mwenyekiti, wape hiyo kura, yaishe!" akapiga kelele.

Ajenda zikageuzwa. Wenye nyumba wakapiga kura, wengine wamenuna, ikapita. Tukarudi vitini, safari hii tunahesabiwa kwa kila kitu. Ilipofika ya walinzi nikatoa hoja yangu: mlinzi akimkuta mtu njiani, aandike jina lake na amwache aende zake, asimzuie hata dakika moja. Kura arobaini na moja kwa ishirini na saba. Nikapiga kigelegele peke yangu, sikuona haya.

"Hongera, Tunu," akasema Mzee Adelard, anatabasamu vibaya. "Ila kwa taratibu zetu mwenye kura anashika na zamu ya ulinzi. Utaanza wewe, Jumatatu."

Jumatatu alfajiri, sina uji, nina filimbi na daftari. Mara namwona Lusungu, siku yake ya mapumziko, anakimbia na begi kuwahi basi la Mbeya.

"Tunu dada yangu, basi linaniacha!"

Wallahi moyo ulinituma nimkalishe. Nusu saa tu, naye aonje. Lakini kanuni nimeitunga mie mwenyewe, mbele ya watu sitini na saba wengine, na yeye anaijua. Nikaandika jina lake, nikampisha. Akatimua mbio bila hata asante, nami nikanuna mpaka saa mbili asubuhi.