Zamu ya Fundi Viatu

Fundi viatu alifunga dirisha, akavua viatu asije akasikika, akakaa kitandani. Kikundi cha sala kilizunguka nyumba kwa nyumba, na leo ilikuwa zamu yake. Mwenye nyumba ndiye hufungua kwa sala, kwa sauti, mbele ya wote. Yeye, mtu wa kuhamahama, kila kanisa alilopitia alikaa benchi la nyuma, akaitikia amina na wenzake, basi. Kwa hiyo alimwambia mama mwenyekiti, "Wiki hii nina safari."

Wakaja hivyo hivyo. Aliwasikia ukumbini, nje ya chumba chake.

"Mbona kufuli halipo mlangoni?" Huyo alikuwa fundi bomba. "Kasafiri nalo?"

"Hebu nyamaza, mwanangu," alisema mama mwenyekiti. "Mtu akisema kasafiri, kasafiri. Kaeni hapa hapa."

"Kwenye saruji, mama? Na mgongo wangu huu?"

"Mgongo wako ukikaa baa hauumwi."

Wakacheka. Yeye ndani alitaka kucheka, akaziba mdomo kwa shuka.

Walisoma, wakabishana kidogo. Kisha mama akaomba: "Baba, ndugu yetu yuko mbali. Mrudishe."

Hakuomba zaidi.

Kila mji aliouacha watu walimtakia safari njema, wengine kwa furaha kabisa. Wa kumwombea arudi hakumkumbuka. Alikitazama chumba: sanduku, sufuria, kitanda cha mtu mmoja. Nje watu walianza kujikung'uta nguo. Wakishatoka hao, kesho atafunga sanduku; alijijua.

Akavuta komeo.

Fundi bomba alimtazama miguu mitupu. "Karibu, mzee. Za safari?"

"Mbaya," alisema. Halafu, kwa kuwa walikuwa wanamngoja, "Sina viti."

"Sisi tumeomba kiti?" Mama mwenyekiti alisogea, akamwachia nafasi ukutani. "Zamu yako bado ipo, kaka."

Akaketi. Saruji ilikuwa baridi. Wote wakainamisha vichwa, naye akainamisha chake.

"Baba," alisema.

Maneno yakagoma. Aibu ikampanda hadi masikioni. Alijua vizuri njia ya kwenda mlango wa nje. Alisubiri mtu amsaidie, amalizie, aseme amina yaishe. Hakuna aliyesema. Fundi bomba alikohoa, akatulia. Walikuwa wanamngoja tu, kama watu wasio na pa kwenda.

"Baba," alirudia, "ni mimi."